Mama Pembejeo Aliyeacha Kupima

Ukitaka kumkasirisha Mama Pembejeo, ulikuwa huhitaji kumtukana. Sema tu, "Ajali haina kinga." Hapo angevua miwani, aiweke juu ya mzani, akutazame mpaka ujute.

"Nani kakwambia?" angeuliza. "Kinga ipo. Iko mikononi mwako, iko pale ulipoona uvivu kuinama. Sema uliona uvivu, nitakuelewa. Usimsingizie Mungu."

Nilimsikia akisema hivyo miaka nenda rudi, maana cherehani yangu ilikaa barazani kwake pale Makambako, hatua nne kutoka mlangoni. Yeye aliuza mbegu, mbolea na dawa za shambani. Mimi nilishona sare za shule na kupunguza suruali za mitumba. Kati yetu kulikuwa na ukuta wa mbao, na sauti yake haikujua mbao. Alizaliwa wapi, nani alimzaa, sijui na sikuwahi kuuliza. Jina lake nalo naliacha, kwa sababu mjini hakuna aliyelitumia, hata paroko alimwita Mama Pembejeo.

Kabla sijamsifu niseme jambo moja, nisije nikaonekana mwema. Kwa miaka kumi na miwili nilimwacha aamini uongo wangu. Aliamini kwamba dawa iliyotaka kumuua binti yangu ilitoka mkononi mwake. Haikutoka kwake. Mimi nilijua, yeye hakujua, na kila asubuhi tuliamkiana vizuri tu.

Zamani alikuwa anapima, kama maduka yote. Mkulima mwenye kipande kidogo cha viazi hana haja na chupa nzima ya dawa ya wadudu. Anakuja na chupa tupu ya soda, anapimiwa kwa kikombe kidogo, anaondoka. Dawa ile ukiitia maji inakuwa nyeupe. Na huku kwetu, kwenye baridi na mianzi, kitu cheupe ndani ya chupa ya soda kina jina moja tu: ulanzi, pombe ya mianzi. Ule mtamu, uliogemwa asubuhi, hata watoto huonjeshwa. Bibi akitoka kilabuni huficha chupa yake nyuma ya mlango, mjukuu anaivumbua, anapiga funda, watu wazima wanacheka. Mtoto wa huku anajifunza kufungua chupa iliyoko nyuma ya mlango kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Mwaka ule mimi na Mama Pembejeo tulikuwa tumenuniana. Alikuta sindano yangu imeanguka barazani, akanisema mbele ya wateja kama mtoto mdogo. "Leo imelala hapa, kesho itakuwa kwenye kisigino cha mtu!" Nami nina hasira za karibu, wanaonifahamu wanajua. Nilipohitaji dawa ya viazi vyangu sikwenda hatua zile nne. Nilivuka barabara mpaka mnadani, nikanunua kwa mchuuzi aliyetandaza turubai, akanimiminia kwenye chupa ya soda. Mke wangu alikuwa ameshanikataza vitu vya mnadani. Nikaichanganya na maji nusu chupa, ili kesho yake nisipoteze muda shambani, nikaiweka nyuma ya mlango.

Upendo alikuwa na miaka mitatu. Alikunywa funda moja, akaja kwa mama yake akilalamika kwamba ulanzi ni mchungu.

Jirani alikimbia kuleta maziwa. Sijui nani alimzuia, ila namshukuru, maana baadaye tuliambiwa maziwa yangeweza kuizidisha ile sumu. Tulimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali, mate yakimtoka, macho yamebana. Mlangoni mwa wodi mke wangu aliniuliza dawa ile niliinunua wapi. Nikasema, "Dukani kwa mama." Neno lilitoka lenyewe. Niliogopa aibu ya mnada kuliko nilivyomwogopa Mungu, na mtoto amelala pale.

Haikupita muda Mama Pembejeo, habari zimeshamfikia dukani, akaingia, kitenge kimefungwa upande mmoja, amekumbatia chupa mpya yenye lebo ili daktari aisome. Akanishika mkono.

"Baba Upendo, ni ile ya kwangu? Wasichana wangu ndio walikupimia?"

Mke wangu alikuwa ananitazama.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Daktari alisoma ile lebo, akasema dalili zinalingana. Bahati, na sina jina jingine la kuipa, ni kwamba dawa ya mnadani na ya dukani zilikuwa za ukoo mmoja. Siku ya tatu Upendo alifumbua macho vizuri akaomba uji wenye sukari. Nilikwenda nyuma ya wodi, kwenye kamba za mashuka, nikalia kwa sauti mpaka mfagiaji akanionea huruma akaniletea maji. Mtoto wangu alikuwa hai.

Wiki hiyo hiyo Mama Pembejeo alikichukua kile kikombe chake cha kupimia, akakigongelea msumari katikati, akakitundika ukutani nyuma ya kaunta. Toka siku hiyo hakumpimia mtu. Unataka dawa, chukua chupa yake yenye lebo yake, na kama ni kubwa kwako ungana na jirani yako mnunue pamoja. Wateja walimkimbia. Wengine walimtukana pale pale, nami nasikia, mguu uko kwenye cherehani.

"Kamwene, mama. Nipimie kidogo tu, ni matuta manne."

"Kamwene, baba. Sipimi."

"Mbona kule wanapima?"

"Nenda kule. Na ukifika umwambie anayepima kwamba namsalimia, mimi nilikuwa kama yeye."

Walioondoka walirudi taratibu, mmoja mmoja, kwa kuwa mbegu zake zilikuwa hazidanganyi. Lakini hata ukikubali chupa nzima hukuipata bure bure. Ulikuwa na mtihani. "Nyumbani mna mtoto wa miaka mingapi? Utaiweka wapi? Juu kiasi gani? Nionyeshe." Ilibidi mtu mzima na ndevu zake anyooshe mkono hewani kuonyesha urefu wa rafu yake. Mkono ukiwa chini alisema, "Hapo mtoto akipanda ndoo anafika." Ukiwa juu kidogo: "Hapo akipanda ndoo juu ya kiti anafika." Ikawa utani wa mji mzima. Wanaume wakiingia dukani walinyoosha mkono juu kabla hawajasalimu, na yeye aliwapita na mkono wao hewani akawauliza kuhusu kufuli.

Halafu akaja kwangu na wazo la vifuko. Alitaka vifuko vyekundu vya kamba, saizi ya chupa, kila dawa inayotoka dukani ivalishwe, ili hata bibi asiyejua kusoma, hata mtoto, ajue kwamba chekundu si cha kunywa. "Wewe ndiye utakayenielewa zaidi," aliniambia. Nilishona vifuko vile kwa miaka. Mabaki ya vitambaa vya sketi za shule, mapazia, hata bendera ya chama iliyochakaa, mradi ni nyekundu. Kila nilipokunja upindo nilijiambia leo nitamwambia. Nikimaliza kifuko, nikaanza kingine. Watu walinisifu kwamba najitolea kwa sababu ya yaliyonikuta. Niliitikia kwa kichwa.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, mchoyo wa sukari, na mkali kwa wasichana wa dukani kupita kiasi. Jumapili baada ya Misa alipenda ulanzi wake, na akishaunywa alikuwa akinitania kwamba nguo ninazoshona zinafaa kuvaliwa gizani. Yeye aliyempima kila mtu urefu wa rafu, mwenyewe alipanda kigoda chenye mguu mmoja mfupi kufikia mbegu za kabichi. Na pikipiki! Alikaa kiupande, mapaja pamoja, kichwani kofia ya sufu tu.

"Mama, vaa ile kofia ngumu," nilimwambia mara moja.

"Ile ina jasho la wilaya nzima."

"Kwa hiyo ajali haina kinga?"

Hakunisemesha siku mbili, na ya tatu alishuka kwenye pikipiki amevaa kofia ngumu yake mwenyewe, ya kijani, akanipita kama hanioni. Kigoda nacho kiliongezewa kipande cha mbao. Nadhani siku zile mbili zilikuwa za kumeza maneno yake mwenyewe.

Kilichoanza na dawa hakikuishia kwenye dawa. Akawa mtu wa kuona hatari kila mahali, kero tupu. Juni baridi ikikaza na watu wakaanza kuingiza majiko ya mkaa vyumbani, madirisha yamezibwa matambara, yeye alipita nyumba za wapangaji akigonga. "Ota moto nje, kisha uingie ulale na blanketi. Mkaa hauna harufu ya kukuamsha." Akiona sufuria ya maji ya moto imewekwa chini, aliinyanyua bila kuomba ruhusa, nyumba si yake. Mashimo ya kuhifadhi maji ya bustani za bondeni aliyajua yote, na wenye mashimo yasiyo na uzio walipomwona anakuja walijifanya wanakwenda mahali.

Alikuwa na redio ndogo dukani. Siku moja ilitaja kwamba kote duniani watu wanakufa kwa vitu hivi hivi: kuanguka, maji, moto, sumu, barabara. Alitoka nje na redio mkononi. "Baba Upendo, umesikia? Kumbe hata huko kwenye lifti na lami, mtoto anakunywa dawa ya kufulia. Dunia nzima inateleza!" Alikaa kwenye benchi langu la wateja, amechoka. "Vita ina wasemaji wake. Malaria ina wasemaji wake. Aliyeanguka kwenye ngazi nani anamsemea? Wanasema tu, bahati mbaya, wanafunika kaburi." Nilisema ndiyo, mama. Siku zile nilikuwa mtu wa kusema ndiyo, mama.

Kuna msiba mmoja ambao wengine hawajamsamehe mpaka leo. Fundi mwashi alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti, ghorofa ya pili, akafa. Makaburini msemaji wa familia akasema, kama tunavyosema wote, ajali haina kinga. Mama Pembejeo alisimama. Watu walimvuta kitenge akae, hakukaa. Alisema, "Nampenda marehemu, amenijengea choo. Lakini zile kamba za jukwaa zilikuwa za mwaka juzi, na kila mtu aliyepita pale aliziona zimeota ukungu. Mimi mwenyewe niliziona. Nilikuwa na haraka, nikapita." Watoto wa marehemu walitaka kumtoa. Mimi nilitazama viatu vyangu, kwa sababu nilijua mtu anayesema "mimi mwenyewe" vile alikuwa amebeba nini, na nani alimbebesha.

Mwezi haukwisha, mjane alikuja dukani kuuliza kamba ipi ni nzuri, mwanawe anaanza ufundi. Siku hizi mafundi wa pale wakianza kazi asubuhi huvuta kila fundo kwanza. Wakivuta hucheka na kumtaja jina, lakini wanavuta.

Miguu ilipoanza kumsumbua aliamua kumwachia duka mpwa wake na kurudi kwenye shamba lake, nje kidogo ya mji wa Njombe, njia ya kwenda Ludewa. Siku ya mwisho alipita kwa kila jirani. Jioni Upendo alirudi nyumbani, akakaa jikoni bila kuvua sweta la shule. Sasa ana miaka kumi na mitano, ana maneno machache na macho makali.

"Baba," alisema, "Mama Pembejeo amenipigia magoti. Amesema nimsamehe. Nimsamehe nini?"

Mke wangu alisema, "Ile dawa, mwanangu. Tulikueleza."

Nikaona sasa basi. Nikawaambia wote wawili pale pale, sufuria ya maharage inachemka. Mchuuzi, turubai, sindano, kununa. Mama Upendo aliepua maharage, akaendelea na kazi zake siku mbili kama sipo. Nilijua kwamba anaipanga ile miaka upya, mmoja mmoja, na sikuthubutu kumsaidia. Siku ya tatu alinipa shati lililopigwa pasi. "Nenda kamwambie. Na Upendo aende nawe, usije ukaishia njiani."

Tulikwenda mwanzoni mwa Desemba, shule ndiyo kwanza zimefungwa, ukungu umelala mabondeni mpaka saa nne. Tulimkuta nyuma ya nyumba anachagua viazi vya mbegu, vile vilivyochipua upande mmoja, vibovu upande wa pili. Alifurahi, akataka kuinuka. Nikamwomba akae. Nilikuwa nimepanga maneno toka Makambako, yote yakapotea.

"Mama, ile dawa haikuwa ya kwako. Nilinunua mnadani. Nilikudanganya."

Alishika kiazi mkononi. Alinitazama, akamtazama Upendo, akanitazama mimi.

"Siyo mimi?"

"Siyo wewe."

"Sema tena."

"Siyo wewe, mama. Haikuwahi kuwa wewe."

Alijifunika uso kwa kitenge. Mabega yakaanza kutikisika. Upendo alimsogelea akakaa kwenye gunia ubavuni mwake, akamwekea mkono mgongoni, na mimi nilibaki nimesimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Alilia kwa muda mrefu. Kisha nikasikia kwamba ndani ya kilio kile kulikuwa na kicheko kinatafuta njia. Alipofunua uso alikuwa amelowa na anacheka.

"Kila Jumapili," alisema. "Kila Jumapili nimeomba nisamehewe kitu ambacho sikukifanya. Mungu mwenyewe alichoka kunisikiliza, akawa anashindwa aniambieje."

Kisha hasira zikafika. Alisimama, na miguu yake mibovu ile ile, akanisogelea mpaka nikarudi nyuma.

"Miaka kumi na miwili! Unakaa barazani kwangu! Unanishonea vifuko!"

"Mama, nisamehe. Lakini kama ungejua, labda usingeacha kupima, na watoto wengi…"

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa." Alininyooshea kidole. "Ni kweli. Ningejua si yangu, ningesema pole, ningeendelea kupima mpaka leo. Najua hilo kuliko wewe. Asubuhi ile ile nilikuwa nimewapimia wengine, na wao watoto wao hawakufika nyuma ya mlango, basi. Lakini shukrani kwa hilo hupati kwangu."

"Sitaki shukrani."

"Vizuri. Jembe liko pale."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Alionyesha shamba chini ya nyumba, lililokatuliwa bila matuta, linasubiri viazi.

"Miaka kumi na miwili, matuta kumi na mawili. Yafike mpaka kwenye ule mti wa parachichi. Mjukuu wangu, wewe njoo ndani, kuna makande na chai ya maziwa. Baba yako atakula akimaliza."

Mimi ni fundi cherehani. Mikono yangu imezoea uzi. Tuta la tatu malengelenge yalitoka, la tano yakapasuka. Shati la pasi nililitundika kwenye uzio. Kutoka ndani nilisikia sauti yake, ile isiyojua mbao, ikimsimulia Upendo habari zangu: sindano, nguo za kuvaliwa gizani, mambo yote, na mwanangu mwenye maneno machache akicheka mpaka anakohoa. Niliinua mgongo kusikiliza. Dirisha likafunguka. "Sikusikii ukilima!" Nikainama.

Saa tisa alitoka na fimbo yake, Upendo amemshika mkono, wakapita tuta kwa tuta wakikagua. Alikwenda polepole mpaka wakafika la mwisho. Akainama, akafumba jicho moja, akalitazama kwa urefu wake wote.

"Hili limepinda," alisema. "Lifukie, uanze upya."

Nikalifukia, nikaanza upya. Nilikuwa nacheka peke yangu, jasho na machozi yananiingia mdomoni, na sikutaka tuta lile liishe haraka.